Shangazi Alivyonijibia

Nilipomaliza darasa la nane nilirudi kwetu Vitongoji nikakaa. Na kukaa kwenyewe si kukaa: ni kusuka ukili wa majamvi, kuanua karafuu mvua ikitisha, kupika, kuosha vyombo, kisha ukili tena. Wasichana tuliofika darasa hilo tulikuwa wachache, na kila mgeni aliyeingia uwani kwetu aliniuliza lile lile: "Haya, umesoma. Sasa ndiyo iwe nini?" Nilikuwa na khati nzuri, najua hesabu za mafungu, na jamvi mbele yangu haliishi.

Aliyekuja na habari ni mwalimu wangu wa kike, ambaye alikuwa amepanga chumba mjini Chake. Hospitali ya mjini ilitaka wasichana wa kufundishwa unesi, na safari hii walitaka wa hapa hapa kisiwani, kwa sababu waliokuwa wakiletwa kutoka Unguja hawakukaa. Mvua za masika zikiwapiga mara moja huomba kurudi kwao. Anayetaka ataandikisha jina, kisha ataitwa kuulizwa. Siku hizi mnasema usaili. Sisi tulisema kwenda kuulizwa, na neno lenyewe lilitisha, maana kwetu wanaoulizwa ni wawili tu, mwizi mbele ya hakimu na maiti kaburini.

Baba alimsikiliza mwalimu mpaka mwisho bila ya kukatiza. Alikuwa mtu wa maneno machache, na akishatoa neno halirudi.

"Sina neno," alisema. "Ela ataandamana na shangazi yake. Kama si hivyo, haendi."

Mwalimu akafurahi, akadhani kashinda. Mimi nilijua tumeshindwa.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, nyumba yake nyuma ya yetu, mlango wake unatazama jiko letu. Alikuwa na sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde na mtu akaitika. Hapakuwa na ndoa ya ukoo wetu iliyofungwa bila yeye kwenda mbele. Ndiyo kusema alijua namna moja tu ya kuulizwa, nayo ni posa. Watu wanakuja, wanakaa, wanauliza, mwana anajificha ndani, na wazee wanamsifia. Basi akanitayarisha kwa njia hiyo hiyo, na hakuna aliyeweza kumwambia kuwa hii ni habari nyingine.

Mwalimu aliniambia, "Ukiingia, watazame machoni. Sema kwa sauti. Usingoje kuulizwa mara mbili."

Shangazi akasema, "Ukimtazama mtu mzima machoni atasema hukulelewa. Tazama chini. Ukiulizwa, nyamaza kwanza. Mtu mwenye thamani hajibu mara moja."

Nikamwendea mama jikoni. Mama akanambia, "Msikilize mwalimu wako, yeye ndiye anayewajua watu wa ofisini." Shangazi akaingia kuchukua moto, na mama hapo hapo, bila ya kugeuza shingo, akasema, "Msikilize shangazi yako."

Na si hao tu. Ilikuwa miaka ya siasa, watu wa mtaa mmoja hawazikani, na majirani nao walikuja na nasaha zao. Huyu alisema nikiulizwa chama niseme sijui. Mwingine alisema nikisema sijui wataniona mjinga, bora niseme baba ndiye ajuaye. Wa tatu alisema nisende kabisa, kazi zote zimeshagaiwa, wanatuita kwa kutuzuga tu. Wote walikaa, wakanywa kahawa yetu, wakaondoka wameridhika. Kichwa changu kilibaki kama soko siku ya sikukuu.

Alasiri ya kuamkia siku yenyewe Shangazi aliingia na bakuli la hina.

"Shangazi," nikasema, "mwalimu kanambia mikono iwe misafi na kucha ziwe fupi."

"Na hina ni uchafu?"

"Si uchafu, lakini..."

"Lete mkono."

Nilipeleka mkono. Ungefanyaje? Alinitia hina viganja na vidole, kisha akachukua piko akanichora maua meusi mpaka kwenye vifundo. Asubuhi akanikalisha juu ya kibago, akaweka chetezo cha udi chini ya nguo zangu, akanifukiza mpaka mama akatoka nje kukohoa. Juu ya yote hayo nikavaa buibui na viatu vya binamu yangu, vilivyonibana vidole vyote. Tulipopanda gari la kwenda mjini, mtu mmoja wa nyuma aliuliza, "Bi harusi anapelekwa wapi asubuhi yote hii?" Shangazi akacheka kwa raha. Mimi nilijifunika uso, na safari hiyo sikujifunika kwa haya, nilijifunika kwa hasira.

Hospitalini tulikuta wasichana wengine wamekaa kwenye benchi la ukumbi. Waliletwa na mama zao, na kila aliyeitwa aliinuka peke yake, mama akabaki. Nikajipa moyo. Lilipokuja jina langu niliinuka, na Shangazi akainuka.

Aliyetuita alikuwa nesi mkubwa, mwanamke wa Unguja, kanga yake imenyooka kama imepigwa pasi hapo mlangoni. "Bibi," alimwambia Shangazi, "tunamtaka mtoto tu."

"Mtoto ndiye yuno," Shangazi akajibu, "na miye ndiye mwenyewe mtoto." Akapita.

Ndani palikuwa na daktari mwanamke wa Kizungu, nywele fupi, miwani mikubwa, nyuma ya meza. Nesi mkubwa alikaa ubavuni mwake kumfasiria. Kulikuwa na kiti kimoja mbele ya meza. Shangazi akakikalia. Mimi nikasimama nyuma yake nikatazama chini, si kwa kufuata nasaha ya mtu, ila sikuwa na pengine pa kutazama.

Daktari alipiga chafya. Akapiga tena. Akafungua dirisha, akauliza jambo, na nesi akafasiri: "Unajua kusoma na kuandika?"

Nikafungua mdomo. Shangazi akasema, "Kahitimu msahafu, na khati yake kama ya kadhi."

"Una umri gani?"

"Hatutaji," Shangazi akasema. "Ela ni mkubwa wa kutosha."

Nesi mkubwa akaniangalia mimi. "Na wewe mwenyewe, unaogopa damu?"

Nilijua jibu la swali hilo. Nililijua vizuri kuliko maswali yote. Mwaka uliopita kaka yangu alijikata mguu kwa jembe, na ni mimi niliyemfunga kwa kitambaa na kumshikilia mpaka damu ikakatika, mama kashika kichwa, baba yuko shamba. Lakini Shangazi alikuwa keshaanza.

"Mwana huyu? Ana huruma ajabu. Hata kuku akichinjwa hukimbia akajifungia ndani."

Wallahi alisema vile kwa kunisifu. Kwake yeye moyo laini ndiyo lulu ya mwanamke. Nesi akafasiri, daktari akaandika. Niliiona kalamu ikienda.

"Kazi hii ina zamu za usiku. Ataweza kulala hapa?"

"Alale hapa na nani?" Shangazi akang'aka. "Hilo halina mjadala."

"Akiona jambo haliendi sawa, mgonjwa kazidiwa, ataweza kusema?"

"Huyu? Huyu hasemi! Hata akionewa hasemi. Mtampenda."

Mwisho daktari akaitazama mikono yangu, akamnong'oneza nesi. Nesi akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, harusi lini?"

"Hakuna harusi," nikasema. Ndiyo maneno mawili pekee niliyoyatoa siku ile, na yalitoka madogo hata sijui kama waliyasikia, kwa sababu Shangazi aliyafunika na lake: "Mungu akipenda, haichelewi!"

Tulirudi kwetu. Njia nzima yeye alikuwa na furaha ya mtu aliyeuza karafuu zake kwa bei nzuri. Alimwambia baba, "Nimemsifu mpaka koo limekauka. Wamemwandika mengi." Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nilivua viatu, nikakaa nyuma ya nyumba, nikaupasua ule ukili niliousuka wiki nzima.

Mwalimu alikuja baada ya siku chache, uso umemshuka. Alikaa barazani na baba na Shangazi. Mimi nilisimama ndani ya mlango.

"Hawakumchukua," alisema. "Wamesema mtoto hana kauli. Tena anaogopa damu, na yuko mbioni kuolewa."

Shangazi alistaajabu kweli kweli. "Hana kauli? Si ndiyo sifa yake! Walikuwa wanataka msichana au wanataka mpiga mnada?"

"Walikuwa wanataka kumsikia yeye, bibi."

"Wasikie nini kwake nisichokijua miye? Nimemlea!"

Mwalimu akavuta pumzi. Akamgeukia baba, akasema nafasi moja bado ipo, kwa sababu msichana wa Kiuyu aliyechukuliwa wazee wake wamemzuia, na yeye mwalimu kawaomba watu wa hospitali wanione mara ya pili. Baba akafikiri. Nilingoja nimeshika fremu ya mlango. Akasema, "Aende. Na shangazi yake."

Nilitaka kulia, nikashindwa hata kulia. Nilimuuliza mama jioni ile kwa nini hamwambii baba Shangazi abaki nyumbani. Mama akasema, "Nimwambie nini? Ndugu yake huyo." Akaendelea kukuna nazi.

Basi nikaanza kutayarishwa upya, na sasa aliyenitesa alikuwa mwalimu mwenyewe. Alikuwa na nia njema, sikatai. Alikuja kila Jumapili akanikalisha barazani, miguu pamoja, mikono juu ya magoti, tabasamu lakini si sana, shingo juu lakini si ya kiburi. Na alinitungia jibu la swali atakaloulizwa kila mtu, kwa nini unaitaka kazi hii. Jibu lenyewe lilikuwa refu, la Kiswahili cha shuleni: "Naitaka kazi hii ili nipate kuwahudumia wananchi wenzangu kwa moyo mkunjufu, bila ya kujali usiku wala mchana, na kuinua hali ya afya ya kisiwa chetu." Nikisema "miye" badala ya "mimi" ananirudisha mwanzo. Sauti ikipanda mwishoni, kama ipandavyo kwetu, ananirudisha mwanzo. Nililisema jibu hilo mpaka likawa halina maana, kama mtu anayehesabu punje za mchele.

Na Shangazi, kwenye mlango wake wa nyuma, alikuwa akisikia yote.

Nilimwambia mapema: hina hapana, udi hapana. Alinuna siku mbili, kisha akakubali, kwa sababu mwalimu alimwambia kuwa daktari ana ugonjwa wa kifua. Lakini kwenda, alikwenda.

Mlangoni safari hii nesi mkubwa alikuwa kajiandaa. Alisimama katikati ya njia. "Bibi, humu wanaingia wanaotafuta kazi tu. Na wewe unatafuta kazi?"

"Miye?" Shangazi akashtuka. "Kazi yangu miye sasa ni kungoja siku yangu."

"Basi ingojee hapo benchini."

Nilitamani kumbusu yule nesi mkono. Niliingia peke yangu, nikakaa kwenye kile kiti. Daktari alinikumbuka; aliniangalia mikono kwanza, kisha uso. Akauliza, na nesi akafasiri, swali lile lile alilolitabiri mwalimu: "Kwa nini unaitaka kazi hii?"

"Naitaka kazi hii," nikaanza, "ili nipate kuwahudumia wananchi wenzangu kwa moyo... kwa moyo..."

Likanipotea. Punje zote za mchele zikamwagika. Na hapo nikasikia sauti nyuma yangu, kutoka dirishani, sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde ikijaribu kunong'ona:

"Mkunjufu! Kwa moyo mkunjufu! Bila ya kujali usiku..."

Niligeuka. Shangazi alikuwa kaondoka benchini, kazunguka nje, kasimama juu ya tofali, uso wake wote umo ndani ya dirisha.

"...wala mchana," akaendelea. "Sema, mwana we! Umeanza vizuri!"

Sijui nini kilinipata. Najua tu kuwa nilichoka. Niliinuka, nikaenda dirishani, nikasema, "Samahani, Shangazi," nikavuta mbao mbili za dirisha nikazikutanisha, nikatia komeo. Kisha nikarudi kukaa.

Nje tulisikia, "Ala!"

Daktari alimuuliza nesi jambo. Nesi alikuwa kajifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Alikawia kidogo kufasiri. "Anauliza yule ni nani."

"Shangazi yangu."

"Na umemfungia dirisha kwa nini?"

"Kwa sababu niliulizwa miye," nikasema. "Na kila nnapoulizwa miye, anajibu mtu mwengine. Mara ya kwanza kajibu yeye. Leo nimekuja na jibu la mwalimu, na hilo nalo si langu. Miye naitaka kazi hii kwa sababu nimekaa kwetu tangu nimalize shule, nasuka jamvi, na kila mtu ananambia nisome lakini nisiseme, nende lakini nisitoke. Nimechoka. Na damu siogopi. Kaka yangu alijikata kwa jembe nikamfunga mwenyewe, mguu ule leo anautembelea. Kuku nakimbia kwa sababu sipendi kuku. Na kwani mwanamke huogopa damu? Atakaaje duniani?"

Sentensi hiyo ya mwisho nesi aliitafuna kabla ya kuifasiri. Alipoifasiri, daktari alivua miwani, akacheka cheko fupi, la ghafla, kama mtu aliyekohoa. Halafu akaniuliza maswali mengine, ya kawaida: nimewahi kuona mtu anazaa, nitafanya nini mgonjwa akinitukana, baba ataniruhusu kulala bwenini. Hilo la baba nilisema sijui, nitamuomba. Nililisema kwa Kipemba changu na sauti ikipanda inapopanda. Hakuna aliyenirudisha mwanzo.

"Ungoje hapo nje," nesi aliniambia mwishowe. Kisha, daktari akiandika, aliniinamia akanambia, "Ukiwa wodini usinifungie mimi dirisha."

Hivyo ndivyo nilivyojua nimechukuliwa.

Shangazi alikuwa karudi benchini, buibui kalivuta mpaka kwenye nyusi. Kwenye gari alikaa kiti cha mbele na mimi cha nyuma. Nilijitayarisha kwa yatakayokuja nyumbani: nimemvunjia heshima dada mkubwa wa baba mbele ya Mzungu na mbele ya mtu wa Unguja, na hilo kwetu si dogo. Nilipanga maneno ya kujitetea njia nzima, nikayapanga tena. Niliapa kuwa radhi nitaomba, lakini hospitalini nitakwenda.

Tulifika. Baba alikuwa barazani. Shangazi akapanda ngazi, akakaa, akaomba maji, akanywa yote, akaweka kikombe chini.

"Tumeipata," akasema.

Baba akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Imekuwaje?"

"Alianza vizuri, kisha akakwama. Nikamtupia neno. Baada ya hapo nikaona nimwache aseme mwenyewe, wamsikie. Maana walitaka kusikia kauli. Nikawapa kauli." Akanikazia jicho. "Dirisha lilifungwa, upepo ulikuwa mwingi."

Nilikuwa na maneno yangu yote mdomoni, yamepangwa, na hakuna wa kumwambia. Kama angenigombeza ningejua pa kushika. Baba alimshukuru dada yake kwa mashaka aliyoyapata. Mama akamletea sahani ya kwanza ya wali. Na usiniulize suala la bweni lilikwishaje: nilipomwomba baba ruhusa, alisema atamuuliza Shangazi, na Shangazi akasema, "Mtoto wa kazi hawezi kulala kwao kila siku, hayo ndiyo mambo ya kazi," kama ndiye aliyeyatunga.

Nilifanya kazi katika hospitali ile miaka mingi. Nilizoea zamu za usiku, nilizoea damu, na nesi mkubwa alinifundisha kwa ukali ambao mpaka leo namshukuru. Nililokuwa siwezi kulizoea ni kurudi kwetu siku za mapumziko. Kijijini habari ilikuwa imeshaenea kuwa Shangazi anazijua kazi za serikali zinavyotafutwa. Watu walianza kumletea mabinti zao. Walikuja kutoka Vitongoji yenyewe, wakaja hata wa Msuka, safari ya kutwa, mama na binti yake na zawadi ya samaki mkavu. Yeye huwakalisha kwenye baraza ile ile, miguu pamoja, mikono juu ya magoti.

Siku moja nilimkuta na msichana mmoja mwembamba, kainamisha kichwa, na Shangazi anamfundisha kuwa na kauli. "Useme mwenyewe," alikuwa akimwambia, "usimwachie mtu akusemee." Nikasimama kusikiliza, nikadhani labda Mungu kamfungua macho. Halafu akamuuliza, "Kwa nini unaitaka kazi hii?"

Msichana akanyanyua uso kidogo, akafungua mdomo.

"Ili apate kuwahudumia wananchi wenzake," Shangazi akasema, "kwa moyo mkunjufu."

Nilimsubiri msichana nje ya uwa alipotoka, nikamwambia ajibu swali mwenyewe, kwa maneno yake, na akiweza aende bila ya mtu. Alinisikiliza kwa adabu. Mama yake naye alinisikiliza kwa adabu. Kisha akanambia, "Ahsante, mwanangu, Mungu akupe. Ela tumeshazungumza na shangazi yako, na yeye ndiye aliyekupatia weye."